Kilomita Sitini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Wiki yangu imefika. Mkuu wa safari anastaafu, na Jumamosi saa nne bosi atamtaja atakayekalia kiti chake. Tuko wawili tu. Mimi, karani wa safari, miaka sita katika yadi hii, mwenye cheti cha semina ya siku tatu. Na Mama Foleni, karani mwenzangu, miaka ishirini na miwili, asiye na cheti chochote isipokuwa cha kuzaliwa. Jina hilo alipewa na madereva kwa sababu lori alilolipanga yeye halikwami kwenye foleni. Anapanga malori yote sita kwa penseli, nyuma ya karatasi za kalenda za mwaka jana. Kalenda!

Atakayeshindwa anahamia stoo ya matairi. Bosi alisema hivyo bila kupepesa macho. Stoo ya matairi haina dirisha.

Lakini mimi nina hisabati. Unaiambia kompyuta lengo moja: kilomita ziwe chache kuliko zote. Kisha unaiwekea masharti, yaani mambo ambayo haina ruhusa kuyavunja. Yenyewe inajaribu maelfu ya njia na kukupa iliyo bora. Bosi amekubali niijaribu kwa lori namba tatu, kisha akaondoka kwenda kwenye mikutano yake hadi Ijumaa. Dereva wa namba tatu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Anaitwa Breki, kwa kuwa hana haraka na jambo lolote duniani.

Njia ya Mama Foleni kwa namba tatu: maduka kumi na manne, kilomita tisini na nne. Njia yangu: maduka yale yale, kilomita sitini na moja. Nilicheka peke yangu ofisini. Njia yake inapita mtaa mmoja mara mbili! Hata mbuzi angeona.

Masharti niliyoweka: hakuna. Sikuona la kuweka.

Jumanne, 4 Machi

Niliwapa wapakiaji orodha yangu, nzuri, imechapwa. Duka la kwanza juu, la kumi na nne chini. Wakapakia kwa kuifuata, kama watu wenye nidhamu. Mzigo wa duka la kwanza ukaingia kwanza.

Lori lina mlango mmoja, nyuma.

Kwa hiyo mzigo wa duka la kwanza, maboksi ishirini ya vigae, ulikuwa mbele kabisa nyuma ya kichwa cha lori, na kati yake na mlango kulikuwa na magodoro, milango, makopo ya rangi na matangi manne ya maji. Breki aliteremsha vyote kando ya barabara ili aufikie. Wapita njia wakadhani ni mnada. Mama mmoja alilala juu ya godoro kulijaribu na akapitiwa na usingizi. Breki anasema hakutaka kumwamsha, alionekana amechoka.

Breki na wapakiaji walirudi jioni wamefika maduka mawili.

Mama Foleni hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza tu, kwa upole, kama kompyuta imewahi kuliona lori.

Jumatano, 5 Machi

Kosa dogo, dawa ndogo. Niliwaambia wapakiaji wapakie kinyumenyume: duka la mwisho liingie kwanza. Wakafanya. Nikasimama getini nikiwa nimefunga mikono kifuani, nikalipungia lori.

Sikumwambia Breki. Kumbe Breki naye alikuwa amekaa na kufikiri, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe dada yake. Akaona kwamba jana tabu ilitokana na orodha kuanzia juu. Basi leo, ili kunisaidia, akaifuata kutoka chini kwenda juu.

Akafika duka la kumi na nne kwanza. Mzigo wake uko wapi? Mbele kabisa, nyuma ya kichwa cha lori.

Nilimpigia simu nikamwuliza nani alimtuma. Akasema moyo wake. Utamgombeza vipi mtu kama huyo? Na huku jioni anakuja kula kwangu! Alikisimulia kisa chote mezani, akiwa na mdomo umejaa, na mke wangu akacheka mpaka akainuka kwenda kunywa maji. Nilimwambia shemeji zamu nyingine aulize kwanza. Mke wangu akasema ni ushauri mzuri, na akanitazama mimi.

Nimewaza sana. Tatizo si mimi, wala si Breki. Tatizo ni umbo la lori. Mlango mmoja ni uzembe wa watengenezaji. Niliiuliza kompyuta mlango wa pili ungekaa wapi ili mtu atembee hatua chache kuliko zote kufikia mzigo wowote. Ikajibu: ubavuni, katikati. Nikamwita fundi wa kuchomelea wa yadi. Aliniuliza kama bosi anajua. Nikamwambia bosi anapenda maendeleo. Kisha akauliza upande wa kulia au kushoto. Nikamwambia ni mamoja, pande zote mbili zinalingana, asinipotezee muda.

Matokeo: mlango mpya kabla ya saa kumi na moja. Unafunguka vizuri kama kabati.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi aliuweka upande wa dereva, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli.

Sikujua kama ni neno. Ni neno. Lori likiegeshwa kando ya barabara, upande wa dereva unatazama katikati ya barabara. Kwa hiyo mlango wangu hufungukia kwenye magari. Na kwa sababu tulipakia kwa kuutegemea, nyuma tulikuwa tumeziba kwa matangi hadi juu. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Walishushia barabarani.

Kufikia duka la tatu palikuwa na askari wa barabarani akiongoza magari kuzunguka tangi letu. Lilikuwa limesimama katikati ya njia, na watu wazima waliliheshimu kama mzunguko wa kudumu. Breki anasema askari alikuwa muungwana sana, alitaka tu kujua jina la aliyebuni. Breki akalitaja. Lote, na la babu.

Mama Foleni alinimiminia chai bila kuombwa. Akasema siku zake za mwanzo aliwahi kupeleka vigae vyote vya mji mzima kwa kinyozi. Nilimjibu kwamba hali zetu hazifanani.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi amerudi. Alizunguka lori mara mbili. Kisha akauliza nani kafanya hivi. Nikasema ni hesabu. Akauliza hesabu ina namba gani ya ajira. Akaagiza mlango uzibwe, namba tatu irudi kwa Mama Foleni kwa leo, na mimi nimwonyeshe kesho saa nne kama mashine yangu ina faida yoyote. Kama haina, ufunguo wa stoo ya matairi uko mezani kwake.

Niliuona. Una kamba nyekundu.

Nina mtoto anayewaambia wenzake shuleni kwamba baba ana ofisi. Baada ya hapo nikachukua kiti changu, nikaenda kukaa kwa Mama Foleni, nikamwuliza kama kwa mzaha tu kwa nini njia yake inapita mtaa mmoja mara mbili.

Aliweka penseli chini. Akasema ule mtaa una shule. Ukipita wakati watoto wanatoka, utakaa hapo mpaka wakue. Kwa hiyo anapita asubuhi kwa maduka yanayofungua mapema, na jioni anarudi kwa yaliyobaki. Nikaandika. Nikauliza kwa nini duka la saruji linatangulia hata kama liko mbali. Kwa sababu baada yake kuna mlima, na namba tatu haipandi ule mlima ikiwa na saruji tumboni. Nikaandika. Muuza rangi hafungui mpaka ampeleke mama yake kliniki. Bwana wa vigae hupokea mzigo kabla ya kula tu, akishashiba anavihesabu kimoja kimoja. Chini ya daraja dogo matangi hayapiti yakiwa yamesimama. Na Breki asipelekwe ghala la pili siku ya Alhamisi, kwa sababu mlinzi wa zamu ni baba wa msichana ambaye Breki alimwacha.

Breki! Sikujua hata mimi, shemeji yake.

Tuliendelea mpaka watu wakafunga ofisi. Masharti arobaini na moja. Mkono unauma. Alipoinuka alisema kuuliza si ujinga, mwanangu. Nina umri wa miaka thelathini na minane.

Jumamosi, 8 Machi

Niliyaingiza yote arobaini na moja alfajiri. Saa nne kasoro dakika kumi kompyuta ilikuwa bado inawaza. Bosi amesimama, Mama Foleni amekaa, Breki amekuja kushuhudia akiwa na karanga. Saa nne na dakika tano, karatasi ikatoka.

Kilomita tisini na nne.

Bosi aliiweka kando ya karatasi ya kalenda ya Mama Foleni, akashuka na kidole taratibu. Duka la kwanza, sawa. La pili, sawa. Mtaa wa shule mara mbili, sawa. Mpaka la kumi na nne. Hakuna hata moja lililohama. Breki aliendelea kutafuna karanga.

Mama Foleni alivua miwani akaifuta. Akasema mashine hii ina akili kweli, imejua kwa asubuhi moja mambo yaliyomchukua yeye miaka kumi, na malori mengine matano bado hayajaandikwa. Bosi akatangaza: Mama Foleni ndiye mkuu wa safari. Akanyoosha mkono kwenye ufunguo wenye kamba nyekundu.

Mama Foleni akamwomba auache hapo. Akasema anataka mimi niwe msaidizi wake, niyaandike masharti yote ya yadi kabla naye hajastaafu. Akasema katika miaka ishirini na miwili, mimi ndiye mtu wa kwanza kumwuliza kwa nini.

Nilitaka kulia. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Breki akanipa karanga.

Lakini nimetembea kwa miguu kurudi nyumbani, na kutembea huzindua akili. Majibu mawili yanafanana neno kwa neno. Mwalimu yeyote angeuliza nani amenakili kwa mwenzake. Mimi sikunakili, nilipata kwa hisabati. Basi amebaki mmoja. Sijui alichungulia vipi, na kwa miaka yote hiyo kabla sijaajiriwa, lakini mama huyu ni mjanja sana. Sitamshtaki. Nimemsamehe.

Jumapili, 9 Machi

Siku tulivu. Mke wangu katoka asubuhi. Nimemwandalia zawadi: jiko bora.

Wiki nzima nilimhesabia hatua bila yeye kujua. Chakula kimoja cha usiku, hatua mia tatu na kumi na mbili, kati ya jiko, sinki, kabati na friji. Unyama! Nikaiambia kompyuta: hatua ziwe chache kuliko zote. Masharti sikuweka, kwa kuwa nyumba hii naijua kuliko mtu yeyote. Jibu: hatua tisini na nane. Nimesukuma kabati, nimegeuza meza, na friji nimeipeleka ukutani kule nyuma, mgongo wake umekaa barabara kwenye mlango wa uani. Ule mlango hautumiki. Sijawahi kuutumia.

Sasa hivi mtu anabisha hodi huko nyuma ya friji. Ni sauti ya mama mkwe. Anasema ana kapu zito kichwani, na anauliza ni nini kimezuia mlango anaoingilia kila Jumapili mimi nikiwa nimelala. Nimemjibu kwa heshima zote azunguke mbele. Ni hatua sitini tu, na za kwake hazimo kwenye hesabu.