Mkwaju wa Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 9 Septemba 1912
Nimefungua banda langu la kahawa alfajiri. Kahawa nzito, tangawizi tele, mikeka mipya. Hakuna mtu. Wote wako ng'ambo ya barabara, chini ya mkwaju, wanakunywa uji wa Stara. Uji wa uwele! Anautia ukwaju anaouokota hapo hapo. Kivuli bure, ukwaju bure, na wateja wangu bure. Mke wangu Mgeni anasema banda likifa nitakwenda kubeba mataruma ya reli pamoja na kaka yake. Mimi, Swedi bin Abdulkadiri, nibebe mataruma? Thubutu. Mti huo utaondoka.

Jumanne, 10 Septemba
Nimeeneza habari kwamba mkwaju una jini. Nilimwambia Matonya tu, mfugaji anayepumzisha ng'ombe wake pale, kwa sababu hajui kunyamaza. Adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari. Alasiri wakaja wanawake na ubani na kuku, kumwomba jini awatatulie shida zao. Walikaa mpaka magharibi. Wote walikunywa uji. Stara akamtuma Mgeni aniletee bakuli, na salamu kwamba ananishukuru kwa kumtangazia biashara. Nimeumwaga. Nilionja kidogo kwanza. Mtamu, mshenzi yule.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimekwenda kwa akida Shaaban. Nikampa shikamoo ndefu, nikamweleza kwamba tawi litakuja kumwangukia Mzungu wa boma, na atakayeulizwa ni yeye akida. Akasema yeye hunywa uji pale kila asubuhi na hajaona hata kijiti kikianguka. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi kwangu kuna wateja. Nimerudi nikichemka kuliko birika langu.
Mchana nimelala bandani. Kuanzia saa nane pana ubaridi mzuri sana. Ni ufundi wangu wa kuezeka.

Jumamosi, 14 Septemba
Mungu mkubwa. Ndege wa mkwajuni wamemchafua akida: kofia, kanzu nyeupe, na uji wenyewe. Nilikuwa wa kwanza kufika na kitambaa. Nikamfuta bega huku nikimkumbusha maneno yangu. Akasema mti ukatwe, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye uchungu nao, niukate mwenyewe. Nimekata mpaka jua kuzama. Viganja vimechubuka. Matonya alisimama na ng'ombe wake, akauliza sasa watapumzika wapi. Nikamwambia amuulize jini. Stara alijitwika chungu chake akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 15 Septemba
Ushindi! Asubuhi banda limejaa. Nimewasalimia wote kwa majina.
Saa nane, balaa. Jua limeingia mpaka kwenye mikeka. Upepo nao, uliokuwa ukitulizwa na matawi yale, umekuja na vumbi lote la barabara. Kahawa imekuwa tope. Wateja wakaaga mmoja mmoja, wakipangusa macho. Mgeni anasema ubaridi wa mchana haukuwa ufundi wangu. Asubuhi kivuli cha mkwaju kilikuwa kwa Stara, alasiri kikivuka barabara kuja kwetu. Miaka yote hiyo! Nimemwambia hajui kitu, nyasi za paa zimechakaa tu. Sikulala mchana. Hapalaliki.

Ijumaa, 20 Septemba
Stara yuko kisimani, chini ya mkuyu. Mji mzima uko huko, na ng'ombe, na akida. Mgeni naye kaenda kumsaidia kukoroga. Shemeji amekuja, akanipapasa mabega, akasema mataruma nitayaweza. Nimemwambia anipe mwezi. Sishindwi na chungu cha uji.
Kando ya kisiki nimeona mche mdogo wa mkwaju. Nimeung'oa na udongo wake. Nina mpango.

Jumapili, 20 Oktoba
Nasema wazi: nimejifunza. Mti ni mali. Kosa la ule mkwaju lilikuwa kusimama nje, ambako kila mpita njia alikaa chini yake bure. Wangu nimeupanda ndani ya banda, katikati, chini ya paa. Ukikua, kivuli chote kitakuwa ndani. Anayekitaka anunue kahawa. Mgeni aliniuliza jua utalipata wapi. Nikamjibu kwamba jua ndilo adui wa kivuli.
Leo shemeji amekuja kunichukua. Nikamwonyesha mche. Alicheka mpaka akakaa chini. Amesema kesho alfajiri atakuja na wenzake, nitake nisitake. Waje. Mwenye shamba haachi shamba lake.
Ila mche wenyewe unanikera. Umerefuka, mwembamba, majani yamepauka, na umeinama wote kuelekea mlangoni. Mlango unatazama kisimani. Nimeufunga kwenye fito usimame wima, umeinama tena. Nimwagilie mimi, halafu uende kwa Stara!
Usiku huu naziba mlango.