Wanafunzi Waliozaliwa Kabla ya Mpango

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,
Jengo la Utawala, ghorofa ya nne.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA WANAFUNZI CHUONI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtunza maabara ya biolojia, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wanafunzi huniita Mama Hadubini. Wewe hujawahi kuniita lolote, ila siku moja kwenye ngazi uliniuliza kama chai iko tayari. Sikukasirika. Nilikuwa nimevaa koti jeupe, na huenda huko juu avaaye koti jeupe ni mpishi tu.

Nimeusoma Mpango wa Chuo cha Kesho wote, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nakala ya maktaba ilikuwa bado imeshikana kurasa, nikazitenganisha kwa wembe wa kukatia mizizi. Nimeona jinsi vyumba, viti, maji na vifaa vitakavyogawanywa kwa miaka ishirini na mitano ijayo. Ni mpango mzuri. Una picha. Wahenga walisema mipango si matumizi, lakini wahenga hawakuwa na kamati. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni wanafunzi. Naomba nieleze.

1. Chumba. Mratibu wa Mipango aliingia maabara na seremala na utepe wa kupimia, mimi nikiwaonyesha wa mwaka wa kwanza jinsi ya kubandua ngozi ya kitunguu. Utepe ukapita juu ya meza, juu ya vitunguu, na chini ya kwapa la kijana aliyekuwa akichora. Nikauliza kulikoni.

“Endelea tu, mama,” akasema bila kunitazama. “Sisi tunapima kesho.”

Wiki mbili baadaye kesho ikafika. Maabara ikawa Ukumbi wa Kuwazia Mustakabali, ikatiwa zulia na kufuli, nasi tukahamishiwa stoo nyuma ya jiko la kantini. Kila ifikapo saa nne masufuria yanachemka na lenzi zinafunga ukungu. Wanafunzi wameagizwa wachore wanachokiona, basi nina michoro arobaini ya ukungu, mingine mizuri sana. Ule ukumbi nimeuchungulia dirishani mara kadhaa. Hakuna anayewaza.

2. Viti. Stuli zetu zilibaki ukumbini, kisha zikatupwa nje kwa kuwa hazikuendana na zulia. Zikanyeshewa mpaka zikavimba miguu kama wagonjwa. Wanafunzi wakaja na ndoo zao za kufulia, wakazigeuza wakakalia. Nikapokea barua kwamba ndoo hazimo kwenye Mpango. Nikazitafuta hadi kwenye viambatisho. Kweli, hazimo.

3. Maji. Bomba letu lilikatwa ili maji yaende kwenye chemchemi ya mapambo mbele ya ofisi yako. Siku hiyo mwalimu wetu wa anatomia, mzee aliyebakiza muhula mmoja astaafu, alikuwa ameleta moyo wa ng'ombe ndani ya beseni, wanafunzi waupasue waone vyumba vyake vinne. Moyo lazima uoshwe. Akageuza bomba, bomba likakohoa. Basi akalibeba beseni lake mwenyewe akavuka uwanja, wanafunzi tisini nyuma yake kama wanaokwenda kuzika, mpaka kwenye chemchemi. Akakunja mikono ya shati akafundishia hapo hapo.

Mheshimiwa, miaka kumi na tisa sijasikia somo kama lile. Alimimina maji kwenye mshipa mmoja yakatokea kwenye mwingine, na wale watoto, ambao kwa kawaida hupiga soga hata kwenye mtihani, wakanyamaza kimya. Wafagizi wakaegemea mifagio yao. Alikuwa ameshafungua chumba cha tatu mlinzi alipofika. Simlaumu mlinzi, alikuwa ametumwa, wageni walikuwa njiani kuja kupiga picha na mustakabali. Alivua kofia, akainama kidogo, akasema kwa heshima zote: “Mwalimu, hapa si mahali pa kusomea. Hapa ni chuoni.”

Mzee aliurudisha moyo besenini. Akafunika beseni kwa gazeti, akaondoka. Kesho yake alileta barua ya kustaafu mapema, akanikabidhi funguo zake na kalamu nyekundu. Mpango unasema nafasi yake itajazwa mwaka wa kumi na moja. Wanafunzi wale hadi leo wanajua vyumba vitatu vya moyo.

4. Vifaa. Tuna hadubini ishirini, na zinazowaka ni sita. Niliomba vitaa kumi na vinne, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Nikajibiwa kwamba mwaka wa kumi na tano zitakuja hadubini mia mbili, hivyo kuleta vitaa sasa kungeuchanganya Mpango. Nilipobisha nikapewa picha ya hadubini mpya, ndani ya fremu. Nimeitundika. Ndicho kifaa pekee stoo ambacho hakijaharibika.

Ukaja mtihani wa vitendo. Wanafunzi tisini, hadubini sita, dakika mbili kila mmoja. Umeme ulikatika ikiwa zamu ya binti wa fundi viatu, na haukurudi. Waliomfuata waliinamia vioo vyeusi wakaandika walichokariri: kiini, utando, ukuta wa seli. Yeye aliandika neno moja: giza. Mwalimu wa muda akampa sifuri, na wenzake wote wakafaulu.

Binti alikuja stoo hakulia, mimi ndiye niliyelia. Akaniuliza alikosea wapi, nami swali hilo nakuletea wewe. Maana hao waliofaulu karibuni watakaa hospitalini kusoma damu yangu na yako, na wataandika wasichokiona kwa mwandiko mzuri. Siku utakapougua, Mheshimiwa, nakuombea upimwe na yule wa sifuri.

5. Kwa hayo yote nimeelewa kwamba kosa si la Mpango. Kosa ni la wanafunzi kuzaliwa mapema. Wamekuja leo, na leo haimo katika ukurasa wowote. Kwa hiyo naomba:

Waliopo warudishwe makwao kwa utaratibu, wakiacha ndoo getini. Asipokelewe mwingine hadi Mpango ukamilike. Walimu nao waende, kwani mwalimu asiye na mwanafunzi huanza kufikiri. Wabaki Mratibu, kamati, mlinzi na chemchemi, na nina hakika mwaka huo taarifa ya utekelezaji itafika asilimia mia moja bila doa. Mimi mwenyewe nitafunga mlango wa mwisho. Kwa upande wangu nimeshaanza: nimewaambia dada zangu, majirani, na kikundi chetu cha akina mama kwamba atakayemleta mtoto hapa amemtupa.

Nikitumaini ombi langu litapangiwa kikao kabla ya mwaka wa ishirini na tano, nabaki mtumishi wako, mtiifu kuliko inavyofaa,

Mtunza Maabara (stoo)

Nisalimie Mratibu na utepe wake, seremala, mlinzi na kofia yake, wajumbe wote wa kamati, na dereva wako, ambaye ndiye pekee huko hujibu nikimwamkia.

Tanbihi: Mheshimiwa, kabla sijaifunga bahasha ameingia kitindamimba wangu, anahema, karatasi mkononi. Amechaguliwa chuoni kwenu, biolojia. Alijaza fomu kwa siri. Nilifungua mdomo nimgombeze, kikatoka kigelegele, na jirani akaja mbio kuuliza pameozwa nani. Hivyo naomba barua hii isitekelezwe, hasa kipengele cha tano. Ataripoti Jumatatu. Anaandika kwa mkono wa kushoto, ni mbishi kidogo, na huuliza swali mpaka ajibiwe. Mpokeeni.