Kontena la Choroko

Jumamosi, 1 Juni
Bwana Punje kaja kununua choroko zetu. Ni dalali. Jina tumempa sisi, kwa sababu hutafuna punje moja, huitema, kisha hushusha bei. Leo katema mara mbili. Baba akakuna kichwa, akasema atafikiri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na kitabu. Nilitaka kutoka nimkemee. Sikutoka.

Jioni nimeona gazetini bei ya choroko huko ng'ambo. Maradufu ya bei ya Bwana Punje! Kumbe yule mtu anakula tofauti yote kwa kazi ya kutema mate! Dawa ni moja: tujaze kontena wenyewe, tulipeleke ng'ambo.

Jumapili, 2 Juni
Kikao cha wakulima wenzetu, barazani pa ghala. Nimeandika hotuba ya kurasa mbili. Nikasimama. Macho yote yakanigeukia. Nikakaa. Baba akaitoa karatasi mkononi mwangu, akavaa miwani ya Bibi, akaisoma yote polepole, kidole kikifuata mistari. Hata pale nilipoandika "makofi" alisoma. Wakapiga!

Mama Pacha, jirani yetu asiyedanganyika, akauliza nauli ya lori iko wapi, na ya meli, na dawa ya wadudu, na ushuru wa bandari. Nilikuwa nimeviandika chini kabisa, kwa herufi ndogo. Wakavitoa kimoja kimoja. Faida ikabaki fupi kama mkia wa mbuzi. Hata hivyo wamekubali. Wamesema wanamwamini baba. Baba akasema yeye ananiamini mimi.

Jumanne, 11 Juni
Nimepata njia ya kurefusha mkia! Choroko zikianikwa hupungua uzito, na mnunuzi hulipia uzito. Sasa tunaanika za nini? Tukizifunga mapema, kila gunia litakuwa na maji kidogo yanayouzwa kwa bei ya choroko. Nimeyagundua haya darasani, kipindi cha fizikia. Mwalimu alikuwa akieleza habari za mvuke na matone. Sikumsikiliza. Nilikuwa na kazi.

Baba akatafuna punje. Akasema bado laini. Nikamwambia, nikitazama vidole vya miguu yangu, kwamba hesabu zinakubali. Akanitazama sana. Akasema haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Tukakunja maturubai ya kikundi kizima.

Ijumaa, 14 Juni
Kontena limejaa, limefungwa, linangoja lori mbele ya ghala. Jua kali, bati linaunguza. Ni zuri kuliko nyumba yetu. Bwana Punje kapita, kaweka sikio kwenye mlango, kauliza kama tunasafirisha choroko au tunazichemsha. Wivu huo!

Jumanne, 18 Juni
Lori limefika. Dereva akataka kwanza auone mzigo. Milango ikafunguliwa. Ndani kunanyesha! Matone yananing'inia darini na kudondokea magunia. Na magunia ya juu yameota! Vijimkia vyeupe vimetoboa, vinatuchungulia. Mama Pacha akasema zimechoka kungoja meli, zimeamua kulimwa hapa hapa. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Mavuno yao yote ya mwaka yamo humo. Nikatamani ardhi inimeze.

Nilijua baba atanitaja. Akawaambia kuwa punje aliitafuna yeye, akajua ni laini, akanyamaza. Lawama ni zake. Akavua shati, akaanza kushusha magunia. Nikashika ncha ya pili ya kila gunia mpaka mikono ikafa ganzi. Kila tulipotua kupumzika, aliniachia upande wenye kivuli.

Jumamosi, 22 Juni
Magunia ya chini yamepona. Tumeanika mpaka uwanja wa shule yetu ukajaa. Darasa zima limeona. Nimetembea na kitabu usoni siku zote hizi, nimegonga mlingoti wa bendera.

Bwana Punje kaja na turubai lake begani, hakuna aliyemwita. Kasema choroko hazina kosa. Mama Pacha akamjibu basi leo atatafuna bure. Akatafuna punje ya kila gunia. Hakutema hata moja. Akameza, akasema sasa fungeni. Faida imebaki nusu mkia, lakini bado tutapata zaidi ya bei yake. Kakiri mwenyewe, kwa uchungu.

Halafu baba akanifundisha kutafuna. Punje kavu husema ta! Laini hunyamaza. Tukakaa juu ya turubai, mabega yakigusana, ta, ta, ta, mpaka Bibi akauliza panya wameingia wangapi.

Jumapili, 23 Juni
Kontena limeondoka. Baba kalipungia mkono kama anayemsindikiza ndugu. Nimeapa: hesabu zangu zote zitabaki kwenye daftari la shule.

Mchana Bibi katupakulia zile zilizoota, kwa chumvi kidogo. Tamu! Baba kaongeza mara mbili. Nikapima gunia moja la hizo kwenye mizani ya ghala, kwa udadisi tu. Choroko ikiota huwa nzito kupita kiasi! Uzito, jamani! Tulikuwa na mali tukaililia! Na shamba la nini, maji ya nini, ikiwa kontena linajimwagilia lenyewe?

Hotuba imefika kurasa nne. "Makofi" nimeyaweka mara tatu. Baba keshamwomba Bibi miwani.