Tufaha Lililoanguka Kabla ya Kahawa

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Sekondari Brezovik.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu zangu, na hongera kwa msimu wa timu yenu ya kulenga shabaha. Wasichana wale wameshinda wilaya, wakashinda mkoa, wakarudi na kombe la taifa ambalo, naambiwa, halikuenea kabatini na sasa limekaa juu ya friji ya walimu. Nilipiga makofi kama kila mzazi hapa kijijini. Ila sasa naomba, kwa heshima zote, msimu ujao timu ishindwe. Si sana. Nafasi ya nne ingetosha, maana aliyeshika nafasi ya nne haombwi na mtu kwenda kupiga tufaha la harusi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Desturi yetu unaijua, maana nawe ulioa hapa hapa. Baba wa bibi harusi hutundika tufaha juu kabisa, na mpaka upande wa bwana harusi ulidondoshe kwa risasi, lango halifunguliwi. Mimi marehemu mkwe wangu aliniacha nifyatue mpaka saa sita mchana. Nilidhani ananikomoa. Kumbe alikuwa jikoni na binti yake, wanakunywa kahawa ya mwisho ya nyumbani bila haraka. Basi mwezi wa tano alipoolewa mwanangu mkubwa, Ljubinka, nilichagua tufaha dogo kuliko yote ya ghalani, nikalifunga kwa uzi kwenye kilele cha mjozi, mti mrefu kuliko yote uani, nikaenda jikoni kupika kahawa. Upande wa bwana harusi wakamleta Tijana wa timu yenu, yule wa kidato cha pili, na bunduki yake ya upepo. Risasi moja. Wala hakulipiga tufaha, aliukata uzi! Kahawa yangu ilikuwa haijapanda povu. Ljubinka akanibusu wima wima, akatoka, nami nikabaki na vikombe viwili. Niliumia, Mwalimu Mkuu, na bado naumia.

2. Shemeji yangu Miloje amekosa kazi. Miaka yote yeye ndiye mpigaji wa harusi anayetegemewa, kwa kuwa hajawahi kulenga kitu akakipata. Sasa anashinda uani akilalamika: "Zamani kukosa kulikuwa adabu. Watoto wa siku hizi wanapata tu, wanapata tu, hawana haya!" Siku ile ya Ljubinka wapiga tarumbeta walikuwa bado wanafuta ala zao tulipoambiwa twendeni kanisani, na tukafika kabla ya padri. Chupa za rakija, pombe yetu kali ya plamu, zilirudi nyumbani zimejaa. Kuna wazee waliolia.

3. Binti huyu wa miaka kumi na mitano aliunyang'anya silaha ukoo mzima. Baba yangu mdogo, Radisav, alichomoa bastola afyatue hewani kwa furaha, kama ilivyo ada. Tijana akamwambia, "Babu, kidole nje! Mtutu chini! Huko juu unalenga nini, malaika?" Mzee ambaye hajawahi kumtii daktari, mkewe wala serikali tatu alizoishi chini yake, akatoa risasi zote akaziweka mezani kando ya kachumbari. Ikawa harusi ya kwanza ambayo paa la jirani yetu Zagorka halikutobolewa. Zagorka amenuna. Kila harusi humletea vigae vipya vya fidia, na upande wa mashariki wa paa lake ulikuwa bado.

4. Sisi akina baba tumejaribu kujitetea, tukazidi kuharibu. Mmoja alitundika plamu badala ya tufaha. Ikadondoka. Mwingine akatundika cheri kwenye mnara wa kengele, na Tijana akauliza tu, "Mjomba, kokwa niiache au nayo niitoe?" Tukiendelea hivi tutafika kwenye punje ya ngano, na binti zetu wataondoka hata hatujafunga vifungo vya shati.

Sasa Jumapili hii anaolewa Slavica, kitindamimba wangu. Mama yao alitangulia mbele ya haki, kwa hiyo akitoka huyu nitabaki mimi na paka. Bwana harusi, Bogdan, ni kijana mwema mwenye macho mabovu, sifa niliyoipenda tangu siku ya posa. Lakini nasikia naye amemwomba Tijana. Nasikia pia kwamba timu imealikwa mashindano ya kirafiki mjini siku hiyo hiyo. Mwalimu Mkuu, nakusihi, mpelekeni. Mpelekeni na alale huko huko. Mwalimu Vukosava, kocha wao, asikubali udhuru wowote. Na kama shule ina nafasi, mwajirini Miloje awafundishe wasichana kukosa. Ujuzi anao, na hataki mshahara, chakula cha mchana kinamtosha.

Sitaki makuu. Nataka kahawa moja na mwanangu, tuinywe mpaka tuone mashapo chini ya kikombe.

Nisalimie walimu wote, mpishi, yule bwana anayechochea tanuri la shule, na Tijana mwenyewe. Sina ugomvi naye. Ni mtoto mwenye adabu, na alikula vizuri.

Wako kwa heshima na kwa uchungu,
Svetozar Pantelić,
mkulima wa plamu

Nyongeza: Barua hii niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi Slavica alikuwa ameisoma yote na birika liko motoni. Akasema, "Baba, nani alikwambia kahawa isubiri tufaha? Kaa chini." Tukanywa kikombe, tukaongeza cha pili, tukalia kidogo, tukamcheka Miloje mpaka ng'ombe wakachelewa kukamuliwa. Kesho, anasema, tunakunywa tena. Kwa hiyo naomba mashindano ya Jumapili yaahirishwe, na Tijana awe langoni kwangu mapema. Jana Bogdan alijaribu mwenyewe nyuma ya ghala lao, akapiga mzinga wa nyuki, na Slavica anaogopa atabaki bibi harusi mpaka Krismasi. Ile habari ya nafasi ya nne ifuteni. Tufaha nimelishusha hadi tawi la chini kabisa, na safari hii nimechagua kubwa.