Malalamiko Dhidi ya Kamera Iliyonichungulia Jicho

Deogratias Augustine Nampunju,
Mchonga vinyago,
Chanika, Dar es Salaam.

Kwa Daktari Khalfani,
Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya Mikongeni.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: KUIONDOA AU KUIFUNDISHA ADABU MASHINE YENU YA MACHO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na mimi nahusika zaidi, kwa sababu jicho lenyewe ni langu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wauguzi wako wote. Mimi pia ni mzima, isipokuwa pale ambapo mashine yenu inasema vinginevyo, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nina miaka sitini na mitatu, mzaliwa wa Ndanda, na nachonga vinyago tangu sijaota ndevu. Kazi zangu zinauzwa dukani kwa Bwana Haroub kule Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, na zimesafiri nchi ambazo mwenyewe sitafika. Ni mgonjwa wenu wa kisukari kwa mwaka wa tisa sasa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kugombana na mtu hapo kituoni. Nilikuja kila mwezi, nikapimwa, nikasifiwa, nikarudi nyumbani. Tulielewana vizuri sana mpaka wiki mbili zilizopita, mlipoleta hiyo kamera inayotumia akili mnemba. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu, nikianza na madogo.

1. Mashine haina salamu. Nilipoingia kwenye kile chumba chenye giza nilivua kofia, nikasema habari za saa hizi, kwa sauti ya kusikika, maana sikujua yenyewe inasikia kiasi gani. Kimya. Nesi Bahiya, binti mwenye heshima sana, akaniambia niweke kidevu pale, paji la uso hapa, na nisipepese macho. Mwanga ukapiga mara moja kulia, mara moja kushoto. Dakika haijaisha, kishikwambi chake cha mezani kikawa kimeshaandika kwamba jicho langu la kushoto limeharibiwa na sukari, mishipa ya ndani inavuja damu, nipelekwe rufaa ya haraka nikapigwe mionzi ya leza, na nikichelewa naweza kupofuka. Daktari wa kawaida angeniuliza kwanza habari za nyumbani. Angeniuliza kwetu ni wapi, akakumbuka ana mjomba Masasi, tukacheka, kisha angekohoa kidogo na kusema mzee wangu, kuna kajambo. Hako kajambo ndiko ninakodai. Mimi nilipewa jambo zima bila hata kiti cha kuegemea.

2. Mashine haipimi kwa haki. Miaka yote macho yangu yamepimwa kwa ile chati ya ukutani yenye herufi E zinazotazama huku na huku, na sijawahi kukosea hata moja. Nakiri, kwa kuwa hii ni barua rasmi, kwamba foleni yenu ni ndefu na pazia lenu ni jepesi. Mtu akikaa kwenye benchi akawasikia wagonjwa kumi na wawili wakitaja juu, chini, kulia, kulia, chini, kushoto, lazima atashika tu. Mstari wa mwisho naweza kuutaja nikiwa usingizini. Mwaka juzi nesi mmoja alinisifu kwamba nina macho ya kijana, nami nikamwambia ni matunda ya kula mihogo, na nadhani mpaka leo anawashauri wagonjwa wengine wale mihogo. Jitihada zote hizo kamera imezidharau. Sasa nyuma ya jicho mtu atakariri vipi?

3. Mashine inafukua mambo ya zamani. Ninavyojua mimi, makubaliano yetu ni haya: ninyi mnanipima tarehe kumi ya kila mwezi, na mimi kuanzia tarehe saba nakuwa mgonjwa wa kisukari. Siku hizo tatu nakunywa chai ya rangi isiyo na kitu, nakula majani kama mbuzi, vidonge nameza bila kukosa hata kimoja. Tarehe kumi kipimo kinasoma vizuri, ninyi mnafurahi, mke wangu Eufrazia anafurahi. Tarehe kumi na moja narudi kwenye chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi ya pale kona, kwa sababu hakuna anayenipima kitu mpaka mwezi ujao. Huo ndio uungwana wa pande zote mbili. Kamera imekuja juzi tu, lakini imetazama mara moja ikaona miaka tisa. Nilijaribu kumweleza Nesi Bahiya kuwa labda ni vumbi la mpingo. Akatabasamu, akaniambia, "Mzee wangu, mie unaweza kunidanganya, na umenidanganya sana. Hii haidanganyiki." Nilijisikia vibaya, maana sikujua kama alikuwa anajua.

4. Mashine inatangaza siri za watu. Hapa kosa ni langu nusu. Mapokezi waliniomba namba ya simu ili majibu yaje kwa ujumbe. Sisi watu wa huku ofisi ikituomba namba hatukurupuki kutaja ya kwetu, kwa sababu huwezi kujua nyuma yake kuna mchango gani. Nikatoa namba ya Mama Felicitas, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, kwa kuwa ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa, nikidhani ujumbe utapotelea huko. Mama Felicitas hapotezi kitu. Jumamosi asubuhi nilishtukia watu kumi na wanane wameingia uani kwangu na viti vyao, wakasali rozari nzima kuliombea jicho la kushoto la ndugu yetu Deogratias. Kushoto wametaja, hawakuacha hata hilo.

Eufrazia alipata habari hapo hapo, katikati ya sala, pamoja na majirani. Alifumbua macho akaniangalia. Miaka mitatu sasa nakataa kusoma somo kwenye jumuiya kwa kisingizio cha koo, na amenichemshia tangawizi miaka mitatu kwa ajili ya hilo koo. Walipoondoka nikamwambia mashine imekosea, imechanganya jicho langu na la mtu mwingine, na kwamba kituo kitaandika barua ya kukiri. Karatasi ya rufaa iko chini ya godoro upande wangu, na siku niliyopangiwa imeshapita. Unaona, basi, kwa nini nahitaji barua hiyo yenye mhuri.

5. Mashine inaleta ugonjwa. Sitaki kumsingizia mtu, nasema nilichokiona. Kabla ya kamera, mtaani kwetu hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye ugonjwa huu wa nyuma ya jicho. Kamera imekaa wiki moja, wamepatikana kumi na saba. Mimi si mtaalamu, lakini hesabu hii haihitaji utaalamu. Mkileta na ya figo, mtaa mzima utalazwa.

6. Mashine inahatarisha sanaa. Mwezi uliopita nilimpelekea Bwana Haroub kinyago cha ukoo, watu kumi na wanne wamebebana. Akakigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza kwa nini huyu wa katikati ana sikio kwenye paji la uso. Nikamjibu kwamba ni mtindo mpya. Mgeni mmoja wa kutoka mbali akakinunua jioni ile ile, akataka kingine cha namna hiyo. Kwa hiyo jicho hili mnaloliita bovu ndilo lililogundua mtindo. Mkilipiga mionzi likaanza kuona vizuri, masikio yatarudi mahali pake, na mimi nitakuwa mchonga vinyago wa kawaida katika uzee wangu. Ni kweli patasi imenikata vidole mara tatu tangu Pasaka. Vidole vyenyewe nilivificha mfukoni nilipokuja kliniki, na ninavitaja hapa kwa ajili ya ukamilifu wa maelezo tu.

Kutokana na hayo naomba, kwa unyenyekevu:

(a) Picha ya jicho langu irudishwe kwangu pamoja na nakala zake zote.

(b) Chati ya ukutani irudishwe, na herufi zisibadilishwe mpangilio.

(c) Mashine ifundishwe kuzunguka maneno kwa muda usiopungua robo saa kabla ya kusema inachokijua.

(d) Ikishindikana, ihamishiwe Goba. Watu wa kule wanajenga ghorofa juu ya vilima, wamezoea kupokea habari nzito.

(e) Iandikwe barua kwa Eufrazia kwamba mumewe ni mzima.

Sina ugomvi na mtu yeyote hapo kituoni. Nisalimie Nesi Bahiya, mwambie simlaumu. Nisalimie mlinzi wa getini ambaye huniwekea nafasi kivulini, dada wa dirisha la dawa, na wazee wenzangu wote wa benchi la tarehe kumi. Nitakushukuru ukinijibu mapema kabla nyumba hii haijanishinda.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu, mwenye macho mawili kamili,

Deogratias A. Nampunju

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua tena. Leo mchana nilikaa barazani nikaamua kuipima mashine kwa njia yangu, ili nikishika kosa lake niliongeze kuwa la saba. Nikaziba jicho la kulia kwa kiganja, nikamtazama Eufrazia. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, hatua nne tu kutoka nilipo. Niliiona kanga. Niliuona ungo. Penye uso palikuwa na doa jeusi. Tuna miaka thelathini na sita ya ndoa, nikawa natafuta uso wake pale penye doa na sikuupata. Akaniuliza natazama nini, nikamwambia nakutazama wewe. Akaacha mchele, akaja kukaa karibu yangu, akaniuliza taratibu kama namwona. Niliogopa, Daktari, na nililia mbele yake bila kusingizia vumbi. Nikamweleza yote. Tafadhali chana kurasa zote zilizotangulia. Naomba siku ya karibu kuliko zote mlizonazo, hata kama ni kesho, maana nataka niendelee kumwona. Eufrazia ameshaweka nguo zetu kwenye mkoba, anasubiri tarehe.