Nilivyoiangusha Pikipiki ya Baba Faiz kwa Adabu

Wenzangu, leo nimetahayari. Si kidogo. Na kila nikitafuta wa kumlaumu simpati, ila mimi mwenyewe.

Mnanijua humu kundini kama mtu wa kuwaeleza pikipiki inavyokwenda: breki zake, kiti chake, unywaji wake wa mafuta. (Mimi ambaye kazi yangu ni kufuatilia makaratasi ya makontena huko Kilindini, na pikipiki yangu mwenyewe ni ile ndogo inayokohoa kila asubuhi.) Leo nimeendesha ile niliyoitamani miaka. Maoni nitawapa kama nilivyoahidi. Kisha nitawaambia yaliyonipata.

Pikipiki ni ya marehemu Baba Faiz, jirani yangu wa ghorofa ya chini pale Tudor. Alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Tangu hapo imekaa uani chini ya turubai, na kila Jumamosi mimi huiwasha injini ili betri isife. Wengi wameitaka. Mkewe, Mama Faiz, amewakataa wote. Mmoja alimkataa kwa sababu aliipiga kofi tangi kama ng'ombe wa mnadani.

Leo asubuhi akanigongea mlango, ufunguo mkononi.

"Athumani, nenda nayo kwa muda wa saa moja uionje. Ukiirudisha kama ulivyoichukua, tuzungumze. Nataka ikae na mtu muungwana. Wewe naona wafaa."

Nikaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

"Lakini barabara kubwa tu, mwanangu. Usiniingie nayo Mji wa Kale. Marehemu mwenyewe hakuthubutu. Vile vichochoro si vya dude hili."

"Wallahi siingii, Mama Faiz!"

(Hakuniambia niape. Niliapa mwenyewe, kwa furaha.)

Basi, maoni. Hii ni pikipiki ya safari ndefu, zile zilizoinuka juu utadhani zinakwenda kupanda milima, kumbe moyo wake uko kwenye lami. Tairi zake ni za lami. Unakaa wima, mgongo umenyooka, mikono imetanuka, na kioo cha mbele kinakukinga na upepo hata unajisikia umekaa sebuleni kwako. Matuta ya barabara ya Tom Mboya, ambayo yangu huyahesabu moja moja kwa uti wa mgongo wangu, hii iliyameza. Pale barabara ya Mama Ngina nikavuta mafuta kidogo tu. Haikupiga kelele, ilinisukuma tu mgongoni kama mkono wa mtu anayekupenda. Nikacheka peke yangu ndani ya kofia. Breki ya mbele ni kali na laini, vidole viwili vinatosha.

Kasoro? Mbili. Kwenye foleni injini inakuchoma mapaja. Na kiti kiko juu, jamani. Mimi si mrefu. (Nyamazeni.) Nikisimama, nagusa chini kwa ncha za vidole, tena mguu mmoja mmoja, na uzito wote wa dude uko juu. Likiinama kidogo tu, hulirudishi.

Nilipofika Ngome ya Yesu nilikuwa na robo saa mkononi. Nilitakiwa nishike barabara kubwa nirudi Tudor, nimpe mwenyewe ufunguo wake na niwe mtu mwenye bahati kuliko wote kisiwani. Lakini mimi nimezaliwa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, na nilitaka Kibokoni wanione. Sababu nyingine sina, nisiwadanganye.

Nikaingia Ndia Kuu. Watu wakageuka! Nikanyoosha mgongo zaidi. Nikakata kichochoro kinachoteremka kuelekea bandari ya kale, na hapo barazani alikuwa amekaa Maalim Bakari, aliyenisomesha Kurani chuoni nikiwa na miaka mitano, pamoja na wazee wenzake wawili. Ng'ambo yao, chini ya ukuta wa chokaa, muuza kahawa alikuwa amejipanga na birika lake na ndoo ya vikombe.

Sasa, Mji wa Kale hupiti mbele ya baraza ukiwa kimya. Mbele ya maalim wako ndiyo kabisa. Na kuwangurumishia wazee injini usoni huku ukisema salaam aleikum ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nikasimama. Nikazima injini. Gia nilikuwa nimeshaitoa. Nikafunua kioo cha kofia.

"Salaam aleikum, Maalim."

"Waaleikum salaam warahmatullahi. Nani huyo? Mato yangu siku hizi hayaoni vyema."

"Ni Athumani, Maalim. Mwana wa Bi Khadija."

"Ewe! Athumani! Siku nyingi hatukuoni. Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo." (Mguu wa kulia umeanza kutetemeka.)

"Na kazini?"

"Kwema, Maalim."

"Na yule nduguyo aliyekwenda Lamu?"

"Hajambo, yuasalimu." (Hajasalimu. Hata hajui niko hapo. Lakini mguu ulikuwa unawaka moto!)

Kisha Maalim akanyoosha mkono.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo maisha yangu yalipoharibika. Breki ya mbele iko mkono wa kulia. Breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na mguu wangu wa kulia ndio ulioshikilia ardhi. Kilichozuia dude lisiteremke ni vile vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Na Maalim ananyoosha mkono. Nimpe wa kushoto? Maalim? Aliyenishika vidole nikaandika alifu yangu ya kwanza?

Nikaachia breki, nikampa wa kulia.

Haikwenda mbio. Laiti ingekwenda mbio, watu wangesema ajali! Iliondoka polepole, kwa utulivu, kama mtu aliyechoka na mazungumzo. Mimi nimeshikwa mkono, na Maalim ana miaka themanini lakini mshiko wake ni ule ule wa chuoni. Pikipiki ikanitoka chini ya mapaja, ikaegemea kushoto, ikaparuza ukuta wote, ikalala juu ya kahawa. Kioo cha pembeni: pwaa! Vikombe vikaanza kuteremka kichochoroni kimoja baada ya kingine, vikilia.

Mimi nimekaa chini, miguu mbele, mkono bado umo mkononi mwa Maalim.

"Na watoto?" akaniuliza.

"Hawajambo, Maalim."

Nikaubusu mkono. Ningefanya nini?

Wakati huo huo mtembeza wageni mmoja alikuwa anapita na kikundi chake kutoka Ngome. Nikamsikia akiwaeleza kwa Kiingereza, bila haya, kwamba hivi ndivyo Waswahili tunavyowaheshimu wazee wetu. Wakanipiga picha.

Wanaume watano waliinyanyua. Nilipomgeukia muuza kahawa kumtaka radhi, akanijibu, "Kahawa si neno, ndugu yangu. Pole wewe." Heri angenitukana.

Nikarudi Tudor mwendo wa jeneza. Nikaiegesha uani, ubavu uliokwaruzika ukitazama ukuta. (Ndiyo, nilifanya hivyo. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane.)

Mama Faiz akatoka. Akaizunguka kwa macho.

"Igeuze."

Nikaigeuza. Kioo kimepasuka, na sanduku la ubavuni lina mkwaruzo wa urefu wa mkono mzima.

"Nini hii?"

Wenzangu, njiani kote nilikuwa nimepanga maneno ya kweli. Nilikuwa nayo hapa mdomoni. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine.

"Lori, Mama Faiz. Pale Digo Road. Lilinibana."

Akapitisha kidole juu ya mkwaruzo, akaniletea karibu na uso. Kidole kilikuwa cheupe.

"Malori ya siku hizi yapakwa chokaa?"

Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na kofia yangu.

"Baba Faiz aliiangusha mara tatu hii," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mara moja hapo hapo uliposimama. Kila mara alikuja kunambia hata kofia hajavua. Sikumkasirikia hata siku moja." Akanitoa ufunguo mkononi, taratibu. "Umeumia?"

"Sikuumia."

"Alhamdulillahi."

Akaifunika turubai mwenyewe. Nilitaka kumsaidia upande wa pili, akanizuia kwa kiganja.

Naumia, wenzangu. Kioo kinanunuliwa, na fundi wa kupaka rangi nimeshazungumza naye. Lakini yule mama aliniona muungwana kuliko watu wote waliokuja kugonga mlango wake, nami ilinichukua saa moja na lori la uongo kumuonyesha kwamba alikosea. Pikipiki naitaka bado. Ila leo kinachonikosesha raha ni kile kidole cheupe.

Kisa hiki nilimtumia yeye kwanza, chote, pamoja na vikombe na mkono wa Maalim, kabla sijawaletea nyinyi. Alama mbili za buluu zilitokea tangu alasiri, na hajajibu. Kwa hiyo nawaomba mcheke polepole, maana sakafu ya ghorofa zetu ni nyembamba na nimekaa hapa nasikiliza kama na yeye anacheka.