Nyuzi za Kwenye Kola

Jumatatu, 4 Machi
Magoti ya Mama yamegoma. Daktari kamwambia akae nyumbani wiki nzima, pasi asiiguse. Kazi yake ya udobi katuachia mimi na mdogo wangu wa kike. Jumamosi atamkabidhi mmoja wetu ufunguo wa duka, aliendeshe moja kwa moja. Mmoja huyo ni mimi. Nani mwingine? Mdogo wangu anajua kufua na kupiga pasi tu. Biashara inataka maono!

Kabla hatujaondoka Mama alitukumbusha nyuzi. Kila mteja ana rangi yake, imeshonwa ndani ya kola ili nguo zisichanganyike. Mwalimu mkuu bluu, muuguzi kijani, mhudumu wa hoteli njano. Nikaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama. Akili ilikuwa mbali.

Jumanne, 5 Machi
Nimemchambua Mama kibiashara. Miaka yote hiyo anaamka alfajiri, vidole vimesinyaa kwa sabuni, na wateja hawamwachi. Siri yake? Usafi! Basi nitamzidi.

Nikashika shati la mwalimu mkuu, jeupe pee. Nikageuza kola. Kiuzi cha bluu kinaning'inia! Aibu gani hii? Nikatafuta wembe. Nimetoa nyuzi za rafu nzima, kisha nikapanga mashati kwa weupe wake, linalong'aa zaidi juu. Mdogo wangu alirudi kutoka kuanika, akauliza mbona najichekea peke yangu. Nikamwambia atulie, ataona.

Jumatano, 6 Machi
Ameona.

Mwalimu mkuu alirudishiwa shati linaloishia kitovuni. Nilimweleza kwamba nguo ikitakata sana hubana kidogo. Hakucheka. Muuguzi alipata la kuwatosha wawili. Mdogo wangu akageuza kola moja, ya pili, ya tatu, kisha akauchukua wembe, akautia mfukoni. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejikaza kisabuni. Nimebandika tangazo mlangoni: WIKI YA BAHATI, JIPATIE SHATI USILOLITARAJIA! Nilitegemea msisimko. Mhudumu wa hoteli alilisoma mara mbili, akaniuliza kama naumwa.

Mwalimu mkuu naye kasema nguo zake atazipeleka kwa yule wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine. Mteja huyu Mama anamfulia tangu mimi natambaa. Hapo niliumia kweli. Nikalibandua tangazo mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Mama kaja, anajikongoja kwa fimbo. Nani kamwambia? Mdogo wangu alijifanya anakunja soksi.

Hakunigombeza. Aliagiza mashati yote yatandazwe mezani, wateja waitwe. Akamwomba radhi kila mmoja kwa kinywa chake, amesimama, kwa magoti yale yale. Kila aliponyanyua mguu alikunja uso kwa maumivu. Mimi nilipewa kazi ya kumimina chai. Watu wakajaribu, wakabadilishana, mwishowe wakacheka. Mwalimu mkuu alikuwa wa mwisho. Alilikunja shati lake taratibu, akamuuliza Mama kama Jumatatu alete nguo mapema kama kawaida.

Nilikwenda kwenye kamba, nikalia nyuma ya shuka. Shuka la muuguzi. Itabidi lifuliwe upya.

Jumamosi, 9 Machi
Ufunguo kapewa mdogo wangu. Mimi nimepewa sindano. Mama kasema nirudishe nyuzi zote kabla ya Jumatatu, kwenye mashati ambayo wateja wameyatambua na kuyaacha hapa. Kisha akanishika bega, akasema biashara yake yote imeshikwa na nyuzi hizo, na kwamba ananiamini.

Somo limeniingia! Nimeshona tangu asubuhi, nimejichoma vidole, sikuinuka hata kula. Ila katikati ya kazi niligundua kasoro. Bluu, kijani, njano, vurugu tupu! Rangi hazina mpango. Nikafumua, nikaanza upya. Sasa kila kola ina uzi mwekundu, mmoja safi kabisa, shati baada ya shati. Tunafanana na kampuni.

Mdogo wangu bado hajaona. Jumatatu mwalimu mkuu akija, ufunguo utanirudia.